Nyuma ya Shuka la Filamu

Jumapili ile ilianza kama nyingine zote. Baada ya misa ya pili, kaka yangu Deo alitundika shuka jeupe katikati ya ukumbi wa parokia, katika mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika. Wakubwa walikaa mbele ya shuka. Sisi watoto tulikaa nyuma yake, upande wa jikoni, tukiiona filamu kinyumenyume, kulia kukiwa kushoto, na hatukujali.

Ilikuwa filamu ya Waingereza: mabaharia vijana wameshuka melini kwa siku moja, wanazurura mjini. Deo alikuwa amesoma Kiingereza ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama kando ya shuka akitufasiria. Kila baharia alimpa sauti yake. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijivuna kupita kiasi kuwa mdogo wake.

Mabaharia waliketi ukutani wakila viazi vya kukaanga. Deo akasema kwa sauti ya baharia mfupi:

"Batoto bote batoke kwa mlango ya jikoni. Polepole. Bashuke kwa mto, bangoje kule."

Upande wa pili watu walicheka.

Mama Godeliva, mpishi wa mapadri, alikuwa mlangoni. Alinishika mkono, akawaashiria wengine. Nilinung'unika, maana utamu ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Tulingoja mtoni muda mrefu, kisha tukasikia risasi.

Tukalala kwenye matete.

Deo hakuja.

Baadaye mtu aliyenusurika alitusimulia. Wenye bunduki waliingia kwa mlango mkubwa, vijana tu, wakasimama wakaitazama filamu na kucheka. Waliiacha iishe. Mama Godeliva alifia njiani tulipokuwa tukiukimbia mji, kabla sijamwuliza kitu, na mimi nikabaki na hesabu yangu: Deo aliwaona. Hatua moja tu ingemleta nyuma ya shuka, kwetu. Nikaamua kwamba alipenda filamu kuliko sisi.

Kwetu jina la marehemu hurudi kwa mtoto. Mama yangu aliniomba nimwite Deo kila nilipojifungua mvulana, mara tatu. Mara tatu nilikataa. Mama naye ameshazikwa.

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Sanyuanli, hapa Guangzhou, China, kwenye ofisi ya mizigo, nikingoja marobota yangu ya viatu vya soko la Zhanxi yapimwe. Mama Neema, mfanyabiashara mwenzangu kutoka Mbeya, alikuwa akitazama filamu ya zamani kwenye simu. Nikauona ule ukuta. Nikawaona wale mabaharia. Nilikuwa nimeitafuta filamu ile miaka na miaka bila kuiona popote. Baharia mfupi alikuwa kushoto. Mimi nilimzoea kulia.

"Huyo mufupi anasema nini hapo?" nilimuuliza. Kiingereza changu ni cha bei tu.

"Hasemi kitu. Wanakula viazi."

"Rudisha, tafazali."

Akarudisha. Baharia mfupi alitafuna, akalamba vidole. Hakutamka hata neno.

"Na batoto? Hakuna kwenye anaongea na batoto?"

"Mama Furaha, humu hamna watoto. Vipi, unaumwa?"

Nikakaa juu ya robota. Yale maneno yalikuwa ya Deo. Aliwaona wakiingia, akatutoa mbele ya macho yao kwa kinywa cha baharia. Sauti yake ingekatika, wangekuja kutazama nyuma ya shuka. Ndiyo maana hakupiga ile hatua moja. Na mimi nimemchukia miaka yote hii. Niliona aibu.

Laoban, mwenye ofisi, alinipa kalamu nene ya wino niandike alama kwenye marobota. Siku zote alama zangu ni majina ya watoto wangu. Kwenye robota la kwanza niliandika DEO.

Aliliangalia, kisha akapitisha kidole kwenye karatasi ya mzigo wangu yenye orodha ya alama hizo, jina moja moja, mpaka chini.

"Meiyou," alisema. Hakuna.

Nikamwambia ni kweli, hakuna. Nikalikata jina la kaka yangu kwa mstari mmoja, nikaandika la mwanangu.