Mugeukie, Muzee

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa na masomo yangu yakaishia mu mwaka wa tatu. Nikaanza kusukuma kinga, ndiyo baiskeli, za watu, zimejaa mafuta ya mawese, kutoka Wamaza mpaka Kasongo. Hakuna mutu alinisaidia. Nilinunua kinga yangu, kisha pikipiki, kisha watu wakaanza kunitafuta kwa sababu ya mudomo wangu.

Kazi ya mudomo, kwetu, ni mahari. Familia haijisemei mbele ya wakwe, inatafuta musemaji. Na binti anayesemewa hafungui kinywa mpaka musemaji wake amugeukie. Nimeozesha nusu ya Wamaza namna hiyo.

Basi waanfirmie, wauguzi wa santre za afya, wakakuja kwangu. Yule wa santre yetu ya afya ni mama aliyeenda kusoma masomo ya juu na akarudi. Anapima wagonjwa, anaandika dawa, anashona vidonda, maana dokta iko mbali na barabara ni mbaya. Lakini mukubwa mupya wa afya, dokta kijana kutoka ngambo ingine, alikuwa amesema anfirmie asiandike dawa pasipo dokta, akiendelea, anamuondoa. Mama yule na wenzake wa santre za jirani walikuwa wameunda sendika yao, chama cha kutetea kazi. Ila wote wako chini ya yule mukubwa, na waliogopa. Nikawaambia nitasema mimi.

Nilienda kama vile ninaendaga: koti, kofia, jogoo mweupe mukononi, yule anayeachiwa wakwe binti akiisha kuolewa. Mu biro, ofisi ya dokta, niliwakalisha waanfirmie nyuma yangu, nikaanza kwa utaratibu. Nilisema tuko na binti yetu, ametunza watoto wetu, tumekuja kuomba aachwe nyumbani kwake na kazi yake yote.

Dokta aliniangalia, akaangalia jogoo, kisha akamuuliza mama mwenyewe: mutoto akiletwa na degedege, anaanza na nini? Mama akanyamaza. Alikuwa anaangalia mugongo wangu. Dokta akauliza tena. Kisha akaniuliza mimi:

"Huyu ndiye munataka aandike dawa?"

Mimi nilikuwa ninangoja. Binti haitikii mara ya kwanza wala ya pili, kila mutu anajua. Kumbe yule dokta hakujua, na alikuwa amekwisha kushika kalamu ya kumuondoa. Anfirmie mumoja akanivuta koti.

"Muzee, mugeukie. Hapa hakuna mahari."

Nikageuka. "Binti yangu, wanakuuliza."

Alijibu mpaka jogoo akasinzia. Dawa, kipimo, wakati gani anamutuma mutoto kwa dokta na kwa njia gani. Alipomaliza aliongeza: "Na kuanzia leo, dokta, sisi wenyewe ndio tutakuwa tunakuambia."

Dokta akaweka kalamu. Alisema aendelee na yote isipokuwa kupasua, na sendika ikae naye kila mwezi. Akauliza kama jogoo ni wake yeye. Nilimwambia hapana, binti hajaolewa.

Sisemi nilikosea. Nilifanya vile tunafanya.

Leo niko na nyumba ya mabati Wamaza, shamba la michikichi, pikipiki mbili, moja mbovu, mbuzi sita, jogoo yule, na viti vya plastiki vya kutosha baraza yote. Waanfirmie ndio wanavikalia, kila mwezi, kabla ya kwenda kwa dokta. Mimi niko na kigoda changu pale mulangoni. Ninasikiliza.