Uso Niliouchora kwa Kuelekezwa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya uchoraji pale Kasulu niliharibu kazi kabla ya saa nne. Fundi Mkuu alinipa kipande cha hadibodi, akaniambia nifanye jaribio la chungu cha maharage. Jaribio, kwa ninyi vijana mnaochora kwenye simu, ni picha ndogo ya rangi ya mafuta inayotangulia picha kamili. Humo unatafuta mwanga umeangukia wapi na rangi ipi inakaa na ipi. Mafuta ya kitani ya kulainishia rangi yalikuwa yamekwisha. Mimi, mtoto wa Kigoma, nikatia mawese.

Fundi Mkuu aliniona, akaniacha. Wiki mbili baadaye akaniita, akapitisha kidole juu ya chungu changu, kikatoka chekundu.

"Mawese hayakauki, binti," alisema. "Ingekuwa picha ya mteja, leo tungekuwa tunatafutana. Kosea hapa, kwenye kidogo."

Nilikosea kwenye kidogo miaka mingi. Nilipohamishiwa karakana yetu ya Kibondo kuwa Msimamizi wa Kituo, nikawa mkali kumshinda yeye. Kwangu jaribio halikutoka karakanani: likimaliza kazi linakwanguliwa, ubao utumike tena.

Ndipo akaja Mama Yowana kutoka Mabamba. Alitaka picha ya mama yake, aliyefariki zamani. Picha pekee ya marehemu iliungua pamoja na nyumba, na wote waliomfahamu walikuwa wametangulia. Uso ule ulibaki kichwani mwake tu.

"Na macho yangu yanakwenda," alisema. "Daktari kasema ni presha ya macho. Nataka nimwone mama kabla hayajazima."

Sikuamini kama inawezekana. Hata hivyo nilianza majaribio, yeye ameketi pembeni akinielekeza. La kwanza paji la uso lilikuwa jembamba. La pili akasema, "Huyo amenuna. Mama hakuwa wa kununa." La tatu nilipatia ngozi, kahawia yenye wekundu chini yake, nikaharibu mdomo. La nne alicheka, akasema nimemchora shangazi yake, ambaye hawakupatana naye. La tano nililikwangua bila kuambiwa. Kwenye la sita alikumbuka kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nikachota rangi nzito kwa kisu, nikapaka mara moja, kovu likasimama kama mshono.

Mama Yowana aliinama kutazama. Akashuka kitini, akapiga magoti mbele ya ubao uliokuwa bado mbichi.

"Mwakeye, mama," aliamkia kwa Kiha, kisha akasubiri kuitikiwa.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijawahi kuuogopa mkono wangu mwenyewe kama siku ile.

Nilimwomba aniachie jaribio nifanyie picha kamili kwenye turubai. Rangi ya mafuta inataka subira: unapaka tabaka, unangoja likauke, ndipo unapaka jingine. Mimi niliingoja rangi, macho yake hayakuningoja. Aliporudi alikuwa ameshikwa mkono na binti yake.

Nilimsogeza kwenye turubai, akaipapasa. Ilikuwa laini kila mahali, na ulaini ule nilikuwa najivunia.

"Huyu ni nani, fundi?" aliuliza kwa upole.

Nililiteremsha jaribio la sita kutoka ukutani, nikamwekea mapajani. Kidole chake kilitembea taratibu juu ya ubao, kikafika kwenye kovu, kikasimama.

"Yuko hapa," alisema.

Akaondoka nalo, amelikumbatia kifuani, na mimi niliyejiwekea kanuni nikamfungulia mlango.

Sasa nimestaafu. Ile turubai iko sebuleni kwangu Kasulu. Wageni huisifu, wanasema ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, nami nawashukuru. Lakini kila nikiitazama namwona mwanamke mzuri ambaye sijawahi kumjua.