Tangi ni ya Baba

Barua ya shangazi ilitangulia mzigo kwa wiki kadhaa. Shangazi alikuwa muuguzi Uingereza, na barua zake zilisomwa kwa sauti sebuleni, baba akiishika karatasi mbali na macho. Zilikuja habari ndefu za baridi na za wagonjwa wasumbufu, kisha mwishoni kabisa mstari mmoja: nimewatumia tangi, tangi ni ya baba.

Basi nyumba nzima ikaanza kungojea tangi la maji. Mama, aliyechoshwa na njia ya mtoni, alipima ukuta kwa hatua zake akihesabu mabati ya paa. Baba alichimba msingi nyuma ya jikoni na kuumwagia zege. Hapa Othaya ni milima mitupu, kwa hiyo majirani waliulizwa kama lori linaweza kupanda mpaka kwetu wakati wa mvua. Tangi lilipofika, baba alilileta kutoka posta ya Nyeri likiwa kwapani. Lilikuwa tangi la vita, kile wanachokiita kifaru, tena la plastiki, tena halijaundwa: vipande vidogo visivyo na idadi vimeshikamana na fremu za kijani, na karatasi ya michoro ya kuonyesha kipi kiende wapi. Mama alichungulia ndani ya boksi, akachukua mtungi wake, akashuka mtoni.

Mimi sikuwa na ugomvi na neno tangi. Neno lililoniuma lilikuwa baba.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na akishapewa jina anakuwa babu mwenyewe. Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, aliitwa "baba" na baba yetu, na shangazi alimwita hivyo hivyo tangu akiwa na nepi. Guka, babu yetu, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka yetu, alimwita "rika", kana kwamba walitahiriwa siku moja. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza boksi ni la nani. Kaka alikuwa ameshalifungua.

Mimi nilipewa jina la nyanya mzaa mama. Kwa guka, basi, nilikuwa mama mkwe wa mwanawe, na tangu nianze kutembea hakuniita kitu kingine ila "muthoni", mkwe. Mkwe hatumwi. Mkwe hataniwi, wala hafanyi kazi katika boma la wakwe zake. Anapewa kiti, anapewa chai, anaulizwa habari za kwao. Wala usidhani ni kwa sababu nilikuwa msichana. Dada yangu mkubwa, mwenye jina la mke wa guka, aliitwa "mke wangu" na alitumwa tumbaku, kuni na miwani kutwa nzima, akilalamika. Mjinga yule hakujua alichokuwa nacho.

Kifaru kiliundwa juu ya meza ya guka, karibu na dirisha, jioni baada ya kukamua. Guka alikuwa ameenda Burma katika vita vya wazungu. Hakuwahi kupanda kifaru, lakini aliwahi kusaidia kusukuma kimoja kilichozama topeni, na hilo lilimtosha kuwa fundi mkuu. Macho yake yalikuwa na ukungu. Kaka ndiye aliyekuwa na mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya kuchimba viazi. Alitenganisha vipande kwa meno. Gundi iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka, kwa hiyo alitumia ya fundi viatu, na ikachuruzika kila mahali. Magurudumu aliyabandika nje ndani. Kichwa cha kifaru, ambacho mchoro ulionyesha wazi kwamba kinapaswa kuzunguka, alikigundisha kikashika moja kwa moja.

"Inazunguka?" guka aliuliza, akikipapasa.

"Imekataa, guka."

"Hata ile ya Burma ilikuwa inakataa," guka akasema, na wote wawili wakacheka mpaka meza ikatikisika.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye kigoda kizuri cha wageni, kikombe mkononi. Karatasi ile ya michoro nilikuwa nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule, na ningeweza kukiunda kifaru kile nimefumba macho. Nilipoinuka kunyoosha gurudumu moja tu, guka alinishika mkono kwa upole. "Hapana, muthoni. Utachafuka. Kaa chini, chai iko." Wivu nilioona jioni hiyo sijauona tena, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye sababu bora zaidi za kuona wivu. Nilitamani kaka aote upele mikononi.

Kisha nikapata akili. Shangazi alipoandika baba, si angeweza kumaanisha baba yake hasa, yule aliyekwenda vitani? Nilimfuata guka kwenye shamba lake la kahawa nikamweleza kwa heshima zote kwamba boksi lile ni lake, kaka amelichukua tu. Nilitumaini kwamba likirudi kwa mwenyewe, mwenyewe atatafuta fundi wa maana.

Guka aliendelea kukata matawi. "Ati baba ni mimi?"

"Ndiyo, guka."

"Na yeye ni nani?"

Alinitazama kwa huruma, kama mgeni anayehitaji kuelezwa mila za watu. "Muthoni, mimi na huyo hatuna yangu na yake."

Jioni ile ile niliuiba mtutu. Ulikuwa kipande kimoja, mrefu kidogo kuliko njiti ya kiberiti, nao ulikuwa umebaki kwenye fremu peke yake. Niliufyatua wakati wao wanabishana kuhusu cheni, nikausukuma ndani ya pindo la mkono wa sweta. Kifaru bila mtutu ni trekta. Niliwaza: waunde trekta yao.

Kesho yake waliutafuta juu ya meza, kisha chini ya meza. Guka alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mzee yule, akipapasa kwa viganja. Kaka alitafuta kwa dakika tano, akasikia wenzake wakipiga mpira kule chini, akatoroka. Guka akabaki peke yake sakafuni. Akainua kichwa.

"Muthoni, nisamehe," akasema. "Wewe ndiye uko na macho. Shuka unisaidie."

Nilishuka kabla hajamaliza kusema. Tulitambaa bega kwa bega kutoka mlangoni mpaka chini ya kitanda chake, tukiinua ndala, magunia na ndoo. Alinuka ugoro na majani ya kahawa. Alinieleza jinsi matope ya Burma yalivyokuwa mekundu kama yetu, na jinsi walivyolala na viatu miguuni kwa kuogopa nyoka. Hadithi zile kaka alizizoea mpaka alikuwa akipiga miayo. Mimi sikuwahi kuambiwa hata moja, maana mkwe haelezwi taabu za mtu. Tulitafuta jioni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtutu ulikuwa ndani ya sweta muda wote, na sikuwa na haja kabisa ya kuupata.

Jioni ya tatu nilinyoosha mkono kuvuta kiatu chini ya kabati, na mtutu ukateleza kutoka kwenye pindo ukaanguka mbele ya goti lake. Ukungu wa macho au la, aliuona. Aliuokota. Akatazama mkono wa sweta langu, kisha akanitazama mimi.

Nilifumba macho nikangoja kofi. Nililitaka. Nilijua vizuri jinsi alivyompiga kaka akikosea, na jinsi kaka alivyokuwa mapajani mwake kabla machozi hayajakauka.

Nilisikia akiinuka kwa shida. Alikivuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake, akanishika kiwiko akaniketisha. Kisha akamimina chai, akaongeza sukari vijiko viwili, akanipa kwa mikono miwili.

"Mama wa kwenu hajambo?" akauliza.

"Hajambo," nikasema.

Kaka alipoingia, jasho likimtoka, guka alimwonyesha mtutu. "Ulikuwa chini ya kabati, rika. Wewe hutafuti, wewe unacheza!" Akamgonga konzi la utosini lililosikika mpaka nje. Kaka akapiga kelele, akaruka, akamshika guka kiunoni, wakaanza kusukumana wakicheka kuzunguka meza. Mimi nilikunywa chai yangu yote, maana mkwe habakizi, nikiliwaza lile konzi lililokuwa langu kwa haki.