Kuskusi kwa Ruzuku ya Serikali

Wasila binti Tayeb alikuwa na kazi ambayo hata jirani zake hawakuthubutu kuitaja. Kila mwaka serikali ilitoa ruzuku kwa jumuiya ya akina mama wa mji wao, kule vilimani karibu na Silyana, Tunisia, ili wanawake wafundishwe kuhusu saratani ya matiti. Wasila ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Lakini watu wa huko hawasemi saratani. Wanasema "ule ugonjwa mbaya", na hata hapo hugeuza uso pembeni na kuongeza, "Balaa na lipite mbali." Mwaka wa kwanza Wasila alibandika tangazo lenye neno lenyewe mlangoni pa jumuiya. Hakuja mtu ila mwenye nyumba, naye alikuja kulibandua.

Basi Wasila akatumia akili. Kiangazi kikielekea mwisho, wanawake wa huko hukusanyika kuviringisha unga wa ngano kuwa chembe ndogo za kuskusi ya kuliwa mwaka mzima, na mwanamke asiyekwenda husengenywa hadi kiangazi kingine. Wasila alinunua unga kwa fedha za ruzuku, akatandika mikeka kwenye ukumbi wa jumuiya, akawaalika wote. Walijaa wakakosa pa kukaa. Mikono ikiwa ndani ya masinia, aliwafundisha kwamba titi hupapaswa kwa nyama ya vidole, si kwa ncha, taratibu, kwa kuzunguka, vilevile mtu anavyolitafuta donge kwenye unga. Atakayelipata asikae nalo. Gari la jumuiya, nalo la ruzuku, litamfikisha hospitali kule Tunis na kumrudisha jioni.

"Langu mimi ni donge tupu, Wasila, utajuaje lipi ni lipi?" akauliza mmoja mnene, na wenzake wakacheka hadi unga ukamwagika.

Walicheka hivyo hivyo, lakini gari walipanda. Wakiulizwa njiani walisema wanakwenda kupimwa macho, hata mji mzima ukaonekana una wanawake vipofu.

Somo hilo lilimshika na mwalimu. Asubuhi moja, akioga, vidole vyake vilisimama mahali chini ya kwapa. Alikwenda Tunis, akakatwa titi la kushoto, akatibiwa, akapona. Mjini alisema alikuwa Susa, akimuuguza dada yake aliyejifungua. Alirudi amekonda, na nguo za ndani amezijaza pamba, na wenzake wakamlaani huyo dada asiyemlisha mgeni.

Aliyejua ni binti yake, Rihab, peke yake. Rihab alikuwa amechumbiwa na mtoto wa Bi Shadhlia, mwenye duka la vitambaa, na harusi ilikuwa imepangwa. Na huko, nyumba iliyoingiwa na ule ugonjwa haiolewi. Husemwa uko kwenye damu, na damu haifuliwi.

"Mama, funika kombe," Rihab alimsihi. "Nikishaolewa, ukitaka katangaze kwa kipaza sauti cha msikitini."

Wasila alifunika. Nani asingefunika?

Kilichomwumbua ni taarifa ya mwaka. Karani wa jumuiya, mwanamke mcha Mungu na mwoga kuliko wote, alishindwa kuliandika lile neno. Taarifa nzima aliandika "ule mwingine": wanawake kadhaa wamefundishwa dalili za ule mwingine, wanawake kadhaa wamepelekwa kupimwa ule mwingine. Wizarani waliisoma wakakuna vichwa. Walipoona kwenye hesabu na gunia baada ya gunia la unga, wakatuma mkaguzi.

Mkaguzi aliitwa Ulfa, kijana, amevaa suruali, hakuwa mtu mbaya. Alifika wanawake wakiwa kazini, akaketi mkekani, akanywa chai, akatazama.

"Dada Wasila, ruzuku hii ni ya elimu ya saratani," alisema. "Mimi hapa naona kuskusi."

Aliposema lile neno, mikono yote ilisimama. Kuna aliyenong'ona, "Balaa na lipite mbali."

"Elimu imo humo humo ndani ya kuskusi," Wasila akajibu.

"Sawa. Basi niwaulize wenyewe. Mama zangu, mmefundishwa nini hapa?"

"Afya," akajibu mmoja.

"Afya gani?"

"Ya akina mama."

"Ya wapi mwilini?"

Wanawake wakatazama masinia. Yule mnene, ambaye siku zote hakosi la kusema, aligundua ghafla kwamba chai yake imepoa.

Ulfa akashusha pumzi. "Mimi sikuja kuwaumbua. Lakini fedha hizi zinagombewa na miji mingi. Nikirudi bila hata mwanamke mmoja wa kusema amesaidiwa nini, mwakani hazitakuja. Wala gari."

Wasila aliwatazama wenzake. Aliwajua waliopanda gari, na alijua ni wawili gani waliokuwa na miadi ya kurudi mwezi ujao. Bila gari hawatakwenda, maana waume zao hawatatoa nauli ya kupimwa macho kila mwezi. Wale wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Mbele yao, mtandio umenyooka, alikaa Bi Shadhlia, mkwe mtarajiwa, akipepeta kuskusi laini kuliko ya wote. Wasila alimfikiria Rihab nyumbani akitia nakshi mito ya harusi, akatamani ardhi immeze.

"Mimi," alisema.

Ulfa hakuelewa. "Wewe ndiye mwalimu."

"Mwalimu na mgonjwa. Nilikuwa na saratani. Nilijipapasa kama ninavyowafundisha hawa, nikaenda kwa gari hili hili mkidhani nawasindikiza wengine, nikakatwa titi. Sikuwa Susa. Dada yangu hana kosa."

Ndiyo hivyo, mtama ulikwisha mwagwa penye kuku wengi. Bi Shadhlia alikung'uta viganja, akachukua ungo wake, akaondoka bila kuaga.

Kabla ya Ijumaa alimtuma dada wa mumewe kwa Wasila. Huyo alikunywa kahawa, akausifia mlimau uani, ndipo akasema ndoa hiyo haikuandikwa, na pete wanaweza kubaki nayo. Rihab alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

"Umeniuza kwa ruzuku, mama," alisema mgeni alipotoka.

Mito ile ilipelekwa juu ya kabati, na kwa muda mrefu ndani ya nyumba ile watu wawili walikula bila kuzungumza. Ruzuku iliongezwa. Wale wawili walikwenda kwenye miadi yao. Hakuna aliyemshukuru, na ukiniuliza mimi, hilo ndilo lililomuuma zaidi, ingawa mwenyewe angekataa.

Majira ya baridi yalipoisha, asubuhi moja ya safari, Wasila alikuwa mlangoni mwa gari akiwauliza abiria maswali ambayo madaktari huyataka, alipomwona Bi Shadhlia anakuja, mtandio ameushusha hadi machoni.

"Nimesikia kuna nafasi," alisema Bi Shadhlia.

"Ipo. Umeona nini?"

"Donge. Upande wa kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya siku ile ya mkaguzi."

Lilibaki swali moja, nalo huulizwa kila mtu. "Kuna yeyote katika ukoo wenu aliyewahi kuugua saratani?"

Bi Shadhlia aliitazama barabara. Dereva akajifanya anafuta kioo.

"Mama yangu," alisema. "Na dada zangu wote wawili. Tuliwazika tukasema ni moyo."

Damu ilimpanda Wasila kichwani. Alitaka kumsukuma mwanamke yule aende zake, alitaka kumkokota hadi mbele ya Rihab ayarudie maneno yale.

"Na mabinti unao wangapi?" aliuliza.

"Watatu." Bi Shadhlia akainua macho, na yalikuwa na hofu. "Hawajaolewa, Wasila."

"Kawaamshe," Wasila akasema. "Gari litawangoja."