Bunduki Ndogo na Ngiri wa Mama Mghoi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nisipoiita. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimeteremka kutoka kwetu Wusi, kule milimani, nikaajiriwa kwenye ranchi ya ng'ombe pande za Ndara, karibu na Voi. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na Mwafrika mwenye bunduki mkononi alitazamwa kwa shaka. Mimi nilikabidhiwa bunduki kwa sababu nilikuwa na macho makali, na kwa sababu Mzee Mwadime, mkubwa wa walinzi, alimwambia meneja kwamba ananiamini.

Kazi yetu ilikuwa kupunguza wanyama waharibifu. Mbweha walikuwa wakikamata watoto wa mbuzi mchana kweupe, na nyani walikuwa wakishuka kilimani kuvuna mahindi ya wafanyakazi kabla ya wenyewe. Siku ya kwanza Mzee Mwadime alifungua stoo akaniambia nichague bunduki. Zilikuwa mbili. Nikanyoosha mkono kwa ile kubwa, nzito, yenye mtutu mnene, kwa sababu nilijiona tayari nikipita nayo mbele za watu. Mzee akaichukua taratibu, akairudisha ukutani, akanipa ile ndogo.

Risasi yake haikuzidi kidole changu cha mwisho. Lakini usije ukadhani ilikuwa ile bunduki ya kupigia ndege. Risasi hii ilikuwa na ganda la shaba na fataki yake, kile kinachowasha baruti, katikati ya kitako, nayo ilikwenda kwa kasi kubwa. Mzee alinieleza kwamba kwa nyani, ngedere na mbweha hakuna inayofaa zaidi. Mlio wake ni mdogo, hautawanyi ng'ombe. Haikupigi bega, kwa hiyo hutaiogopa, na mtu asiyeiogopa bunduki yake hulenga vizuri. Kichwa cha risasi ni chepesi, kikimwingia mnyama mdogo huvunjikavunjika humo humo, hakitokei upande wa pili kwenda kumtafuta mchungaji.

"Lakini ngiri usimguse na hii," aliniambia. "Wala nguruwe, wala fisi. Mfupa wa bega la ngiri utaivunja risasi kabla haijafika moyoni. Ukimwona, rudi uniite."

Mwezi mzima alinifundisha. Tulitundika debe kuukuu kwenye mwinuko wa udongo, hatua mia moja, nikapiga mpaka nikajua bunduki ile inapeleka risasi wapi. Alinikataza kumpiga nyani aliyesimama juu ya kilele, nyuma yake pakiwa na anga tupu, maana risasi ikikosa haijulikani itamwangukia nani. Alinifundisha kuegemeza mtutu kwenye jiwe lililowekewa kofia yangu, na kuacha kufyatua kama pumzi haijatulia. Niliyashika yote. Mbweha wakapungua, watu wa mashambani wakaanza kuniita fundi, nami jina hilo likanikaa vizuri mno.

Basi asubuhi moja nikapita kwa Mama Mghoi, mjane aliyelima karanga na mahindi ukingoni mwa ranchi. Ngiri dume alikuwa ndani ya karanga, amepiga magoti ya mbele kama wafanyavyo, anafukua mstari baada ya mstari. Mama Mghoi alikuwa amepiga debe mpaka mikono imechoka. Majirani wanne walikuwa wamekuja kumsaidia, na wote wakanigeukia mimi.

"Mwanangu, si una bunduki?" akasema. "Unangoja nini?"

Nilijua la kujibu. Ningesema, mama, bunduki hii haimwezi, nakwenda kumwita mzee. Mzee alikuwa karibu, mwendo wa nusu saa. Lakini maneno hayo yalikataa kutoka, kwa sababu wale watu walikuwa wameniita fundi. Nikaegemeza mtutu, nikatuliza pumzi, nikampiga begani, pale pale nilipokusudia.

Ngiri alianguka kwa magoti, akainuka, akakimbia akichechemea hadi kwenye shimo chini ya kichuguu, akaingia kinyumenyume. Wale majirani walishangilia. Mimi nilikuwa nikilitazama lile shimo.

Mzee Mwadime, aliyekuwa ameshaanza kuja kwa kelele za debe, aliusikia mlio akafika mwenyewe, na mkuki wake tu, bunduki kubwa ikiwa stoo. Aliangalia damu, kidogo na ya juu juu, kisha akaiangalia bunduki. Mnyama aliyeumizwa haachwi karibu na shamba la watu, kwa hiyo akaliendea shimo kwa upande, akinionyesha kwa mkono nibaki nyuma. Hakuwa amefika vizuri. Ngiri alitoka kama jiwe lililorushwa, akamwangusha, akampasua paja kwa yale meno yake marefu yaliyochomoza. Nilinyanyua bunduki nikashindwa kufyatua, maana mtu na mnyama walikuwa kitu kimoja. Mzee ndiye aliyemmaliza kwa mkuki, akiwa chini, damu yake na ya ngiri zikichanganyika kwenye vumbi.

Tulimfunga paja kwa kanga ya Mama Mghoi, tukampeleka Voi hospitalini kwa lori la ranchi. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Sitakuficha, mwanangu: nilikuwa namwombea apone, na papo hapo nilikuwa natumaini atasema ilikuwa ajali tu.

Kesho yake meneja alifika akasimama kando ya kitanda, akauliza imekuwaje. Mzee akasema, "Muulize aliyekuwa na bunduki."

Nikaeleza yote. Meneja aliichukua bunduki pale pale, akanipeleka kuchunga mbuzi. Alipotoka, nilipiga magoti kumwomba mzee msamaha.

"Ungekuwa hujui, ningekufundisha tena," akasema. "Lakini ulijua. Hilo linaniuma kuliko mguu."

Mama Mghoi alimletea uji kila alipopata gari la kumfikisha Voi, akijilaumu kwamba ndiye aliyenisukuma. Mzee alimkataza. Alimwambia mwenye shamba ana haki ya kulia, na mwenye bunduki ana kazi ya kukataa.

Mzee alipona, lakini goti halikukunjika tena, na hakurudi kufuata nyayo porini. Nilichunga mbuzi karibu mwaka. Kisha yeye mwenyewe, kwa fimbo, akaenda kwa meneja kuniombea nirudishiwe bunduki ile ndogo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema sasa ninaogopa kinachostahili kuogopwa. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na nilikataa mara nyingi, mbele za watu, nikachekwa.

Mwanangu, kila chombo utakachoshika, kijue kinachoweza, kisha kijue zaidi kisichoweza. Watu watakusifu ili ufanye lile wanalolitaka, tena wengine kwa nia njema kabisa. Siku hiyo kubali kuonekana mdogo. Sema hili siliwezi, nangoja mkubwa. Maneno hayo yangenigharimu aibu ya nusu saa tu. Kutoyasema kulimgharimu mtu mwingine mguu wake.

Mungu akupe macho ya kuona mbali, na akupe ulimi mwepesi wa kusema hapana. Mkono wako usimwage damu isiyokuwa na lazima, na wale wanaokuamini wasije wakajuta. Nenda salama.