Tulisafisha kando ya ziwa hapa Kyeshero mpaka tajiri akaipenda

Wakuu wa humu, na ninyi batoto benye munajiita wakuu na bado mama anawafulia nguo, jambo yenu bote.

Mimi ni koko wa hapa Goma, Kyeshero. Nina bajukuu wengi na bote banasoma, munisikie vizuri, BOTE. Mimi mwenyewe niliachia troisième primaire, darasa ya tatu, kwa hiyo mukiona maandishi imepinda, munyooshe mukiwa munasoma.

Hii mambo niliiona na macho yangu. Sitaongeza chumvi. Iko na chumvi ya kutosha.

Yote ilianza na Neema, mujukuu wangu wa mwisho. Asubuhi alikuwa anaruka kamba. Jioni macho ilikuwa imeingia ndani ya kichwa, na tumbo inatoa mayi meupe kama yenye umeoshea muchele.

Kolera.

Nilimubeba kwa mugongo mpaka kwenye banawalaza bagonjwa ba kolera, kwa zile kitanda zenye tundu katikati na ndoo chini. Mwenye hajaziona ashukuru Mungu.

Neema alipona. Mutoto wa kitanda ya kando hakupona. Mama yake alikaa anakunja nguo zake ndogo, moja moja, vizuri, kama vile kuna mutu wa kuzivaa kesho.

Infirmier mwenye alikuwa anamutunza akaniuliza: "Koko, munachota wapi?"

Kwa ziwa, wapi pengine? Robinet ya avenue yetu, bomba ya mutaa, inakohoa hewa tu.

Sasa niwaambie pale tulikuwa tunachota palikuwa namna gani. Mwenye anakula aweke sahani kando.

Couches, nepi za batoto. Sachets. Kuku wa kufa. Motards, benye pikipiki, banaosha moto zao ndani, mafuta inaelea na rangi zake.

Na mavi. Sitatafuta neno nzuri. Huku chini yetu ni jiwe ya volcan, ukitaka choo lazima uvunje mwamba. Kwa hiyo mwanaume maskini anashuka kwa ziwa giza ikiingia, na asubuhi bibi yake anashuka na bidon hapo hapo.

Jirani yangu Mama Kavira, muuza sambaza, zile samaki kidogo za ziwa, mwanamuke wa Butembo mwenye sauti ya kuamsha kanisa, ndiye alisema: "Koko, tunangojea nani? Twende."

Tukaenda. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya usafi ya batu bote, bengine banafagia mbele ya milango yao juu chef asibapige amende, sisi tukashuka kwa ziwa na rateau za kukokotea takataka na magunia. Mwanzoni tulikuwa bamama kidogo tu. Batu walitucheka. Mudogo mudogo wakachoka kucheka, wakashika rateau.

Motard moja akamuambia Kavira: "Mama, hii ziwa uliizaa weye?"

Kavira: "Sikuzaa ziwa. Nilizaa batoto benye banakunywa mafuta ya moto yako. Ondoka mbele sijakuosha weye!"

Bote bakacheka, hata yeye. Aliondoka.

Kulikuwa na Papa Sebu, maçon, fundi wa kujenga, muzee wa Rutshuru. Alikuja na chuma yake ya kuvunjia mawe, akaanza kuchimba choo kule juu, mbali na mayi. Mwamba ule hauna huruma. Mikono yake ilipasuka, akaifunga vitambaa, akaendelea. Hakuna mutu alimuomba. Hakuna mutu alimulipa. Siku choo iliisha, tuliicheza kama mutoto amezaliwa.

Na Kavira kila asubuhi alisimama kwa njia na seringue, sindano ya chlore, yenye centre ya afya ilitupatia. Kila bidon yenye inapanda, anaitia dawa. Ukikataa juu ya harufu anakuuliza: "Na kolera iko na harufu gani, baba?"

Mvua ilikuja, mvua ikaenda. Hakuna mutu wa avenue yetu mwenye alilala kwa zile kitanda za tundu.

Nilijivuna, wakuu. Sifichi. Ulikuwa unaona mawe chini ya mayi, na samaki kidogo zinapita katikati.

Ndipo bamariés, bwana na bibi harusi, bakaanza kuja Jumapili kupiga picha. Robe nyeupe, ziwa ya bluu, sisi nyuma tunapiga makofi. Picha zikatembea kwa matelefone ya batu.

Na macho ya batu ikafuata picha.

Siku moja jeep ikasimama. Akashuka muzee wa tumbo na viatu vya kungaa. Akatembea pole pole, akanawa mikono ndani ya ziwa. Akasema: "Bamama, mumefanya kazi nzuri sana. Pongezi." Akatununulia fanta. Tukamushukuru! Mimi nilimuitia baraka ya Mungu na kinywa yangu hii.

Alirudi na papiers.

Parcelle, kiwanja yote, ni yake, anasema, kutoka njia mpaka kwa mayi. Tukaenda kwa chef wa avenue, bamama bote na bidons zetu. Chef anaangalia meza. "Bamama, kando ya ziwa ni ya serikali."

"Sasa yeye alinunua kwa nani?" Kavira akauliza.

"Yeye iko na papier. Ninyi muko na nini?"

"Tuko na kiu."

Hakucheka. Alifunga bureau, akaenda kula.

Kisha ukuta ikaanza kupanda. Na mwenye alikuwa anajenga ile ukuta, wakuu, alikuwa Papa Sebu.

Kavira alisimama mbele yake, mikono kwa kiuno. "Papa Sebu, weye? WEYE?"

Muzee hakuinua kichwa. "Mama, nikikataa mungine atajenga. Nyumbani tulilala njaa."

"Basi jenga. Na ukimaliza uje uchote kwetu. Utaona kwenye tutakuwa tunachota."

Alijenga. Choo yake mwenyewe ikabaki ndani. Ukuta ilipoisha, tajiri aliandikisha juu yake na rangi nyekundu: PARCELLE A NE PAS VENDRE, kiwanja haiuzishwe. Anaogopa kuibiwa, maskini.

Sisi tukahamia kule mbele, kwenye mayi ya mvua inateremuka kutoka muji muzima na kila kitu yenye muji inatupa. Tulianza tena na rateau. Chlore ilikuwa imekatika kwa centre. Kavira alizunguka kuitafuta, anapiga kelele kila bureau. Alipata ahadi.

Halafu alishikwa yeye.

Asubuhi alinisalimia kwa mulango. Aliniambia tumbo inamuvuruga, nikamucheka, nikamuambia ni sambaza zake za jana. Mchana nilimubeba na bamama bengine mpaka kwa zile kitanda za tundu. Ile sauti ya kuamsha kanisa ilikuwa imebaki kama ya mutu anaongea ndani ya chupa. Jua ikalala, naye akalala nayo.

Mwenye alitia dawa kwa bidon ya kila mutu.

Kwa kilio yake, Papa Sebu alisimama kwa mulango, kofia mukononi. Hakuna mutu alimuambia aingie. Hasira ilinishika mpaka kwa meno. Lakini niliangalia mikono yake, nikasogea kwa benchi. "Ikala, muzee." Akaikala.

Maziko ilipoisha, tulimukuta kwa fasi yetu mupya ya kuchotea, na chuma yake. Anavunja mwamba. Choo ingine.

Sasa hapa ndipo nataka munisaidie.

Upande wa mayi tunasafisha kila Jumamosi, tunasafisha mpaka inangaa. Lakini takataka yenye tunatoa hatuipeleki mbali tena. Tunaikusanya hapo juu, kando ya barabara, kilima nzima, iwe mbaya, inuke, mutu wa jeep akipita aone jalala na aende. Mimi ndiye nilitoa hiyo akili. Bamama benye kuogopa kolera baligombana na mimi, na hawakukosea. Papa Sebu amejenga ukuta ya mawe chini ya ile jalala ili mvua isiisukume kwa ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, takataka ingine inapita.

Juzi gari kubwa ilisimama. Kioo ikashuka. Mutu akaangalia, akaziba pua, kioo ikapanda, akaenda. Bamama bakapiga vigelegele.

Mimi sikupiga. Mimi niko mwanamuke mwenye kufagia kiwanja mpaka unaweza kula ugali chini, na sasa Jumamosi nasukuma uchafu na mikono yangu ili uonekane vizuri.

Fundisho yenye nilipata, muichukue vile iko: maskini akitengeneza fasi yake ikawa nzuri, ajue ameanza kuipoteza. Atafute papier mbele ya rateau. Sisi tulianza na rateau.

Mwenye anajua namna ya kupata papier ya fasi ya kuchotea, kwa jina ya avenue nzima na si ya mutu moja, aandike hapa chini. Mwenye anaona jalala yangu ni ujinga, aseme pia, lakini aniambie na tufanye nini mbele ya mvua ya kesho.

Matusi mubaki nayo. Nina umri wa kuwazaa.