Mume Wangu Anataka Nimtengenezee Pikipiki kwa Kificho

Ndugu wasomaji, ukurasa huu umeniahidi kuficha jina langu, nami nashukuru, ingawa mtu wa Lodwar akisoma mistari miwili tu atanijua. Mwanamke mwingine wa hapa anayefungua injini simfahamu. Nina miaka ishirini na sita, ni Mturkana, nimebatizwa, nimesoma mpaka darasa la saba na nimeolewa na fundi. Mtoto bado hatujajaliwa. Hilo nalo nasemwa, lakini leo sikuja kwa hilo.

Kazi nilifundishwa na mume wangu mwenyewe. Nilianza kwa kumshikia spana, nikaishia kushika injini. Kisha bwana mmoja wa idara ya maji, mtu wa Kenya kama tunavyowaita wale wa Kitale na kuendelea huko chini, akaleta pikipiki ya Kitaliano juu ya lori. Nyekundu, tangi refu, usukani umeinama mpaka mpandaji analala kifudifudi. Ilitengenezwa kukimbia kwenye lami, na sisi lami tunaisikia tu. Gia yake iko mguu wa kulia, mahali ambapo nyingine zina breki, kwa hiyo kila aliyeijaribu akitaka kusimama alibadilisha gia. Mchanga haukuisha kwenye kabureta. Mume wangu aliichukia, mimi nikaipenda. Valvu zake hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na hapa kwetu chuma kilichoshinda juani hakipoi upesi, basi nilikuwa naamka nazipima kabla jua halijapanda, chai baadaye. Mume wangu akawa anawaambia wateja wamngoje mke wake, hiyo ya Mtaliano ni yake. Nilijisikia fahari sana.

Mimi huvaa shanga zetu, kuanzia mabegani hadi chini ya kidevu, pamoja na ile pete ya chuma ya shingoni ya mke, alagama. Kwetu mwanamke aliyeolewa akionekana shingo tupu, watu huuliza mumewe amekufa lini. Siku moja nilikuwa nazungusha gurudumu la nyuma nikikaza mnyororo, uzi mmoja wa shanga ukanaswa. Ulinivuta mpaka uso ukakaribia kabisa meno ya chuma. Mume wangu aliukata kwa kisu, akaniambia, "Kutoka leo ukifanya kazi, toa hii vitu yote. Mimi sitaki kuzika wewe." Tangu hapo nikawa nazivua nikianza kazi na kuzivaa nikimaliza.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Lokiriama bila taarifa. Mume wangu alikuwa ameenda dukani. Mama akanikuta nimeinama juu ya pikipiki, shingo tupu, mwanawe haonekani. Hakuuliza. Alikaa chini mchangani akaanza kulia msiba, majirani wakaja mbio. Kabla sijaeleza, mume wangu akatokea na majani ya chai mkononi. Mamake alipoona yuko hai hakufurahi hata kidogo. Alisema nimeshamtangazia mwanawe kifo, kilichobaki ni kaburi tu. Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme neno moja, kwamba ndiye aliyeniambia nizivue. Akatazama viatu vyake.

Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema achinjwe mbuzi, nipakwe yaliyomo tumboni mwake ili mkosi uondoke, halafu niape sitagusa mashine tena. Nikawaambia, "Mbuzi nakubali. Kiapo hapana." Wakamgeukia mume wangu. Akasema, "Mama amesema." Basi. Mtu aliyeniokoa kwa kisu akaniacha na maneno mawili. Iliniuma kuliko yote niliyoambiwa na mamake, kwa sababu mamake hakujua na yeye alijua.

Baadaye bwana maji alihamishiwa Kakuma, na mume wangu, kwa ajili ya malipo yake, akaifuata pikipiki huko pamoja na mamake, wakafikia kwa kaka yake. Mimi nimebaki Lodwar na gereji sijaifunga. Akina mama wa kanisa huja kuniombea nibadilike. Nawaambia waombe tu, ila wasinizibie mwanga.

Juzi dereva wa lori la Kakuma alisimama hapa. "Ejok, mama," akanisalimu. "Bwana yako anasema kuja. Ile pikipiki alifungua yote, akarudisha, sasa ikipigwa kiki inapiga yeye teke. Mguu imefura. Lakini usikuje mchana. Ngoja jioni, mama yake akienda kwa watu wa kanisa, ndio utengeneze, halafu urudi na mimi." Nilicheka, kwani nilijua palepale amefunga vibaya pointi, zile za kutoa cheche, moto unawahi kabla ya wakati. Kisha nikakaa juu ya tairi nikalia. Hakuuliza hata kama nimekula. Na bwana maji, naambiwa, siku hizi anatembea kwa miguu.

Sasa ndugu zangu, msinishauri kuhusu kazi. Hilo nimeshaamua, na anayetaka kuniandikia niiache asipoteze stempu. Kakuma nitakwenda, lakini mchana, jua la saa sita, shingo tupu, mama mkwe akiwa amekaa ananitazama. Sitagusa hata boliti moja mpaka mume wangu aseme mbele yake, kwa mdomo wake, ni nani aliyeniambia nivue shanga. Akisema, nitaitengeneza ile pikipiki, kisha nitavaa alagama yangu palepale mbele ya wote na nitakuwa mke wake kwa moyo mweupe. Lakini akitazama viatu tena, je, niivae nirudi nayo Lodwar, au nimkabidhi mamake mkononi, ndoa iishie hapo? Hapo tu ndipo nilipokwama. Nishaurini, nifanye nini?